Mkono wa Kushoto

Katika kijiji nilichozaliwa, kwenye vilima vya Njombe, neno "mwalimu" lilitumika kwa watu wa aina mbili. Alikuwapo yule aliyefundisha kusoma na kuhesabu shuleni, na alikuwapo yule aliyefundisha mafundisho ya ubatizo na kipaimara, na kuongoza ibada mchungaji anapokuwa kwenye mitaa mingine. Babu yangu mzaa baba aliwahi kuwa wote wawili. Katika ujana wake shule nyingi zilikuwa za misheni, na mtu yuleyule aliyeshika chaki Jumatatu ndiye aliyeshika Biblia Jumapili. Serikali ilipozichukua shule za mashirika ya dini kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, babu alibaki na kazi ya kanisa tu. Hata hivyo watu waliendelea kumwita Mwalimu mpaka siku tulipomzika.

Liko jambo moja la babu ambalo nilipokuwa mtoto lilinitia aibu. Alipokuwa akisoma Neno mbele ya washarika, akafika mahali ambapo hakuelewa, alinyamaza, akavua miwani, akasema, "Hapa sijaelewa. Mchungaji akija nitamwuliza." Kisha akaendelea. Mimi niliyekaa benchi la watoto niliinamisha kichwa. Niliona kwamba mwalimu ni mtu anayejua, na asiyejua basi angalau anyamaze.

Niliingia chuo cha ualimu mwaka 2003 nikiwa bado na mawazo hayo. Ilikuwa miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tulioufahamu wote kwa jina la MMEM. Ada za shule za msingi zilikuwa zimefutwa, watoto walimiminika shuleni, wengine wakubwa kuliko madarasa yao, na walimu walitakiwa kwa haraka. Utaratibu wetu ulikuwa kukaa chuoni mwaka mmoja, na mwaka wa pili kufundisha shuleni chini ya uangalizi. Mama aliuza viazi, gunia baada ya gunia, ili niende na godoro, ndoo, sanduku na nauli. Siku ya kuondoka aliniombea mlangoni, akasema nisimrudishie chochote ila cheti.

Chuoni tulifundishwa mengi mazuri. Tulijifunza kuandaa azimio la kazi la muhula mzima, na kutoka humo kuandika andalio la somo la kila kipindi: lengo, zana, utangulizi, maarifa mapya, zoezi, hitimisho. Tulijifunza kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka bila kuwapa watoto mgongo muda mrefu. Tulifundishana sisi kwa sisi, wanachuo wakijifanya watoto wa Darasa la Pili, na mkufunzi akikaa nyuma na daftari lake. Katika mafundisho hayo ya kuigiza mimi nilisifiwa mara nyingi. Watoto wangu wa kuigiza walijibu vizuri kila swali. Sikujiuliza kwa nini.

Mwaka wa pili nilipangiwa shule moja ya kijijini, mbali na kwetu, mahali penye baridi kali mwezi wa Juni na ukungu usiotoka mpaka saa nne. Nilipewa Hisabati Darasa la Tatu. Darasa lilikuwa na watoto 94 na madawati 23. Walikaa wanne wanne, na wawili waliobaki walikalia matofali nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Kitabu cha kiada kilikuwa kimoja kwa watoto sita au saba. Asubuhi ya kwanza walisimama wote kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!", na sauti ile ilinijaza furaha na hofu kwa wakati mmoja.

Furaha ilidumu wiki moja, ila hofu ilikaa. Niligundua kwamba nikifundisha na kuuliza swali, mikono kumi na miwili ilinyooka, kila siku ileile kumi na miwili. Wengine walinitazama tu. Nilipopita kwenye madawati niliona madaftari yaliyonakiliwa ubao kwa mwandiko safi kabisa, ila mwenye daftari alikuwa haelewi hata mstari mmoja. Sikujua nifanye nini. Nilifundisha kwa wale kumi na wawili, nikajiambia kwamba wengine watafuata.

Ndipo ikaja barua kwamba mkufunzi wa chuo atafika kunitathmini. Mada ya juma lile ilikuwa kugawanya kwenye baki, na watoto walikuwa wanavurugwa nayo. Sikulala. Niliona wazi mbele yangu mkono mmoja mmoja ukinyooka, na mkufunzi akiandika sufuri kwenye kipengele cha ushirikishwaji wa wanafunzi. Nilimwona mama na magunia yake.

Mwalimu mmoja mzoefu, mtu mwema aliyenigawia kuni na sukari tangu nilipofika, aliniona nimekaa ofisini peke yangu. Akacheka kwa upole. "Mwanangu, usijitese. Waambie wote wanyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Wewe chagua wa kulia tu. Mgeni ataona darasa zima linajua." Alisema hata yeye alifundishwa hivyo na waliomtangulia, na hakuna aliyepata kuumizwa.

Siwezi kumtupia lawama. Alinishauri tu, na darasa lilikuwa langu. Siku moja kabla ya tathmini niliwafundisha watoto mpango ule. Tuliurudia mara tatu. Naona aibu kuandika kwamba halikuwapo somo lingine nililolifundisha kwa ustadi kama hilo. Waliokuwa hawajawahi kunyoosha mkono walifurahi mno, maana kwa mara ya kwanza walipewa jambo ambalo wangeweza kulifanya vizuri.

Tathmini ilikwenda kama wimbo wa kwaya iliyofanya mazoezi. Niliuliza, na mikono 94 ikapanda. Nilichagua wa kulia, jibu likaja sahihi. Mkufunzi, mzee mkimya wa miaka ya hamsini na kitu, aliandika na kuandika. Alinipa alama 88. Mwalimu mkuu alinishika mkono mbele ya walimu wenzangu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida. Mwinjilisti wa mtaa ule, baada ya kusikia kwamba mimi ni mwanachuo wa ualimu, alikuwa ameniomba nisaidie shule ya Jumapili. Siku hiyo tulizungumza habari za kondoo mmoja aliyepotea, na mchungaji aliyewaacha wale tisini na tisa ili amtafute. Nilieleza, kisha nikauliza, "Nani anajua kwa nini mchungaji alirudi kumtafuta yule mmoja?"

Mikono yote ikapanda, na karibu yote ilikuwa ya kushoto.

Wengi wa watoto wale walikuwa wa darasa langu. Walinitazama kwa uso wa mtu anayesubiri kusifiwa. Nilishindwa kusema neno. Msichana mmoja mfupi, mmoja wa wale wawili waliokalia matofali, alitazama mlangoni, akatazama madirishani, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetunza siri yangu:

"Mwalimu, kwani leo pia kuna mgeni?"

Nilisema, "Hapana." Nikawaambia tuimbe. Sikumbuki tuliimba nini.

Katika ibada kuu ulipofika wakati wa maungamo, nilitamka pamoja na washarika wote maneno ambayo nilikuwa nimeyatamka tangu utotoni. Siku zote niliungama dhambi kwa jumla, kama mtu anayelipa deni asilolijua kiasi chake. Siku hiyo nilijua. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa miaka tisa kwamba kutokujua ni jambo la kufichwa, na kwamba yeye asiyejua ana kazi moja tu darasani, nayo ni kupamba darasa ili wengine waonekane. Nilikuwa nimemfundisha hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Naye akauleta mkono huo hadi nyumbani mwa Bwana, akadhani ndivyo tunavyofanya na huku.

Ibada ilipokwisha nilibaki nje chini ya mti. Kujuta hakukunishinda, kilichonishinda ni hesabu. Nikimwambia mkufunzi, huenda nikafeli mwaka mzima. Nisipomwambia, hakuna atakayejua, na mwakani nitakuwa mwalimu mwenye cheti anayeweza kuwasaidia watoto wengi. Nilimwambia Mungu sababu zangu moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na mantiki. Ila kila nilipomaliza nilisikia lile swali la mtoto. Nikagundua kwamba nimeishi kana kwamba kuna mgeni kila siku: wakufunzi, mama, mwalimu mkuu, washarika. Hata katika maombi yangu nilinyoosha mkono wa kulia.

Mkufunzi alikuwa bado kwenye kata ile, akitembelea wanachuo wa shule nyingine. Jumatatu nilitoka alfajiri na ukungu, nikamkuta kwenye nyumba ya wageni akinywa chai. Nilimsalimu, nikasimama. Akanikaribisha kiti, lakini nilihofu kwamba nikikaa nitabadili mawazo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, bila kumtaja aliyenishauri.

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akafungua mkoba, akatoa andalio langu la somo alilokuwa amelihifadhi.

"Hili uliliandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ni zuri. Kwa nini hukuliamini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba alama zile atazifuta, na kwamba atarudi kabla ya muhula kwisha, bila barua na bila kutaja siku. Nikashukuru, nikaaga. Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Binti, mimi umeniambia. Lakini mimi sikudanganywa sana, miaka yangu ni mingi kwenye kazi hii. Nenda ukawaambie wale uliowafundisha."

Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mtu mzima anajua namna ya kumwomba radhi mtu mzima mwenzake. Kwa watoto 94 nilisimama na chaki mkononi, nikasema kwa ufupi kwamba Ijumaa niliwafundisha uongo, kwamba kosa lilikuwa langu na siyo lao, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa. Darasa likatulia. Mvulana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu naye anaogopa?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya maana.

Nikawaambia kwamba mkono wa kushoto tutaubakiza. Asiyejua aunyooshe, ila kuanzia leo nitaanza na huo.

Siku ile haukunyooka hata mmoja. Kesho yake vilevile. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mkono wa kushoto ni wa mtu asiyetakiwa kuonekana, na somo lile halikufutika kwa tangazo. Hapo nilielewa jambo ambalo chuoni nililiandika kwenye daftari bila kulielewa: mtoto hujifunza tunachofanya kabla ya tunachosema. Ilibidi nianze mimi. Nilipokosea ubaoni, nilinyoosha mkono wangu wa kushoto mbele yao, nikasema, "Hapa sijui vizuri, nisaidieni." Walicheka sana. Nami nilipokuwa nimesimama pale mkono uko juu nikamkumbuka babu akivua miwani. Yule mzee alikuwa akitufundisha kitu kila mara aliponyamaza, na mimi nilidhani alikuwa akiaibika.

Ilichukua karibu wiki mbili. Wa kwanza kunyoosha alikuwa msichana yule wa tofali. Nilimwendea nyuma kabisa, nikachuchumaa, nikaliona daftari lake. Alikuwa amenakili kila kitu. Hakujua kwamba kugawanya ni kugawa, jinsi wanavyogawana viazi nyumbani. Alidhani ni alama tu zinazoandikwa. Wakati wote huo nilikuwa nimekalia elimu yangu mbele ya darasa, hatua kumi na tano kutoka kwake.

Mkufunzi alirudi mwezi wa Septemba, saa mbili asubuhi, bila barua kama alivyosema. Watoto waliposimama kumsalimu niliona macho yao yakinigeukia. Nikawaambia, "Leo kuna mgeni. Tunaendelea."

Nilikuwa bado kwenye kugawanya kwenye baki, mada ambayo kwa mujibu wa azimio la kazi ilipaswa kuwa imekwisha zamani. Nilianza na darasa lenyewe: tuko 94, tunakaa wanne kila dawati. Tutajaza madawati mangapi? Wakahesabu. Madawati 23. Nikauliza, "Na waliobaki ni wangapi?" Kabla sijamaliza, msichana yule akasema kutoka nyuma, bila huzuni yoyote, "Sisi wawili, mwalimu. Sisi ndio baki." Darasa likacheka na yeye akacheka. Mimi na mkufunzi hatukucheka.

Baadaye nilimwita ubaoni agawanye 23 kwa 4. Akaandika: 4, baki 7. Hapo ndipo mwanachuo mwenye tathmini hutamani kumwita mtu mwingine upesi. Nikamwachia chaki, nikaleta visoda 23 vya zana zetu, akavigawa katika mafungu manne mbele ya wenzake. Kila fungu likapata vinne, vikabaki saba. Nikamwuliza, "Hivyo saba, vinaweza kugawiwa tena?" Alisimama akivitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka. Kisha akachukua kimoja, akaweka fungu la kwanza. Kingine, la pili. Kingine, la tatu. Kingine, la nne. Vikabaki vitatu. Alivitazama, akatutazama, akafuta ubao kwa kiganja na kuandika 5, baki 3. Mikono minne au mitano ya kushoto iliyokuwa juu ikashuka yenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Kengele ililia kabla sijafika kwenye zoezi wala hitimisho. Nilipata alama 61. Kwenye nafasi ya maoni mkufunzi aliandika kwamba nijifunze kutunza muda, na chini yake akaongeza kwamba amewaona watoto wakijifunza. Cheti nilimpelekea mama mwaka uliofuata. Alama hakuziuliza.

Kabla sijaondoka pale, mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa fundi seremala aliisikia habari ya watoto wanaoitwa baki. Alitengeneza benchi moja la mbao za msindano, akalibeba mwenyewe kichwani hadi darasani. Hakutaka kulipwa. Alisema tu kwamba shule ya Jumapili imemfikia na yeye.

Sasa nimefundisha miaka zaidi ya ishirini, na wanachuo huletwa kwangu wajifunze kazi. Nawaonyesha andalio la somo na azimio la kazi, kwa sababu vyote vina maana. Kisha nawasimulia habari hii. Wengine huniambia kwamba mchezo ule wa mikono nao wanaujua.

Ndugu yangu katika Kristo, hata kama hujawahi kushika chaki, nadhani nawe unaujua. Tunasalimiana nje ya kanisa baada ya ibada, na kila mmoja anasema ni mzima, anamshukuru Mungu. Ndoa inavunjika, mtoto hajaonekana nyumbani siku ya tatu, imani imekauka kama kisima cha Oktoba, na bado mkono uko juu pamoja na ya wengine. Mgeni akitutazama ataona usharika wote unajua. Lakini yule baba tunayesoma habari zake katika Marko sura ya 9, aliyemleta mwanawe mgonjwa, alikiri mbele ya umati wote kwamba anaamini na papo hapo imani inampungukia. Yesu hakumpita akatafute mwenye jibu zuri zaidi. Alianza naye, na mtoto akapona. Naye Yakobo anatuonya kwamba tunaofundisha tutahukumiwa kwa ukali zaidi. Zamani niliogopa onyo hilo kwa sababu ya mambo nisiyoyajua. Siku hizi naogopa zaidi mambo ninayojifanya kuyajua.

Kila Jumatatu ninapoingia darasani hufanya sala moja fupi kabla ya watoto kusimama. Naomba nimwone aliye nyuma karibu na dirisha. Naomba nisiwe mtu ambaye mbele yake mtoto anahitaji kujificha. Tena naomba kwamba nami nitakaposimama mbele za Mwalimu wetu, niwe na ujasiri wa kunyoosha mkono wa kushoto, nikijua kwamba Yeye huanza na huo.